Pale Domitila Alipokuwa Akinyamaza

Wimbo ulikatika tena palepale. Sauti ya kwanza ilipanda vizuri, besi wakashika chini, sauti ya tatu wakajitahidi kwa uwezo wao, halafu wote wakavuta pumzi kwa pamoja na kanisa likabaki tupu. Kimya chenyewe kilikuwa kidogo, cha kupepesa jicho, lakini Kleopa Jaribu alikisikia kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakanyaga kipandio kisichokuwapo.

"Tena," alisema Mwalimu Anselmi, akigonga benchi kwa kalamu.

Wakarudia. Ukakatika tena.

"Labda tumechoka," alisema mmoja wa besi.

"Hatujachoka," alisema Kleopa. "Kuna kitu hakipo."

Alikijua kitu kisichokuwapo, na kila aliyekuwa mle ndani alikijua pia, ila hakuna aliyetaka kukitaja mbele yake. Sauti ya pili ilikuwa imekufa. Alikuwa nayo Domitila, mkewe, na Domitila alizikwa msimu wa karafuu uliopita.

Kleopa alikuwa fundi baiskeli kwenye mtaa wa juu, nje kidogo ya Wete. Baba yake aliletwa kutoka Bara kuja kuchuma karafuu, akaoa hukuhuku, akazaa, akazikwa. Kleopa mwenyewe hakuwa na kwao kwingine, na Kipemba alikisema kama aliyekinyonya. Wakristo wa namna yake, wenye makaburi hapa, walikuwa wachache wa kujaza benchi moja. Wengine wote kanisani waliletwa na karatasi: walimu, wauguzi, mapolisi na wake zao. Na walioletwa na karatasi waliondolewa na karatasi. Ukishamfundisha mtu sauti yake akaijua, akaacha kuangalia mdomo wa jirani, unasikia kahamishwa. Mkubwa mmoja ofisini huko, ambaye hajawahi kuimba hata bafuni, anapiga muhuri, na kwaya inabomoka. Kleopa alikuwa amejenga kwaya hiyo mara nyingi hata hakutaka kuhesabu, na kila mara ikibomolewa na watu ambao hawakujua wamebomoa nini.

Shule aliishia darasa la tatu. Nota hakuzijua, zile herufi ambazo Mwalimu Anselmi alizipanga ubaoni alizitazama kama mtu anavyotazama nyayo za ndege mchangani, akijua kuna aliyepita lakini asijue amekwenda wapi. Kutunga kwake kulikuwa kwingine. Aliipindua baiskeli ya mteja magurudumu juu, akaweka kijiti kwenye spoku, akazungusha. Gurudumu likitembea tik tik tik, alingoja. Siku nyingine hakuja mtu. Siku nyingine sauti ya kwanza ilikuja na maneno yake yote, kama mgeni aliyebeba na chakula chake. Akishaishika alitafuta besi ya kuiwekea sakafu, kisha sauti ya tatu. Sauti ya pili hakuitafuta. Jioni alimwimbia Domitila alichokipata na kumwambia, "Haya, mama, nijazie hapo katikati."

Domitila aliondoka nao wimbo huo, akaosha nao vyombo, akafagia nao uwanja, na Jumamosi ya mazoezi alikuwa na sauti ya pili mdomoni na anawapa wanawake wenzake. Kleopa hakuuliza ameitoa wapi. Yeye aliimba besi, akisimama upande wa pili kabisa, na sauti ya mkewe ilimfikia ikiwa imeshachanganyika na za wengine kama chumvi kwenye mchuzi. Kwa akili yake, sauti ya pili ilikuwa udongo wa kuzibia nyufa. Usipokuwapo nyumba inapitisha upepo, lakini hakuna anayesimama njiani kuusifu.

Wimbo huu waliokuwa wakihangaika nao ulikuwa wa mwisho Kleopa kuutunga Domitila akiwa hai. Maneno yake yalikuwa haya:

*Umepita shambani mwetu, Bwana, umepita;*
*macho hayakukuona, pua imekujua.*
*Njia uliyokanyaga inanukia mpaka leo,*
*na sisi tuliochelewa tunafuata harufu.*

Waliufanyia mazoezi wiki chache tu, kisha Domitila akaanguka jikoni. Gari la wagonjwa lilikuwapo. Dereva alikuwapo. Mafuta ndiyo hayakuwapo, kwa sababu yalitiwa kwenye msafara wa mkubwa aliyekuja kukata utepe, na utepe ulikatwa, na makofi yakapigwa, na Domitila akapakiwa kwenye gari la kubebea samaki lililokuwa linarudi Tumbe tupu, akafika hospitali ameshanyamaza. Tangu siku hiyo Kleopa akiona bendera ya gari la mkubwa inapita barabarani huinamia baiskeli yake na kugeuza mgongo. Salamu yake hawaipati.

Mazoezi yalipokwisha, katibu wa kanisa, Ponsiano, alimfuata mlangoni. Ponsiano alikuwa karani wa ofisi fulani mjini, na hata kanisani alitembea kama amebeba faili.

"Mzee Kleopa, Askofu anakuja Jumapili kubariki kanisa. Nikuambie ukweli, sitaki aibu. Wimbo ukiwa haujakaa mpaka Jumamosi, tutapiga ule wa kwenye flashi. Kinanda kipo, spika zipo."

"Askofu avuke bahari aje kusikiliza spika?"

"Aje kusikiliza kitu kisichokatika."

"Ponsiano, mlinunua kinanda paa likiwa linavuja."

"Paa limezibwa!"

"Limezibwa na nani? Mimi ndiye niliyepanda."

Ponsiano alicheka kidogo, maana ilikuwa kweli, lakini hakubadilisha neno lake. "Jumamosi, mzee."

Kleopa alikwenda zake na hasira, lakini chini ya hasira ilikuwako hofu, na hofu ndiyo iliyomnyima chakula. Usipoimbwa safari hii, wimbo huu hautaimbwa tena. Sauti ya kwanza nusu yake wana barua za uhamisho tayari. Ukishapotea, kazi ya mwisho ya mikono yao wawili itakuwa imepotea, na Kleopa atakuwa hana kilichobaki cha Domitila ila kaburi na sufuria.

Alimpigia simu Mama Renatusi, aliyewahi kuimba sauti ya pili pembeni ya Domitila kabla mumewe hajahamishiwa Kigoma.

"Ile ya 'Umepita'? Ee baba, nisikudanganye. Mimi nilikuwa naangalia mdomo wake tu. Akifungua nafungua, akifunga nafunga."

"Hata mwanzo wake hukumbuki?"

"Mwanzo ndio kabisa. Alikuwa anatuvuta mkono tunaingia. Pole baba. Huko karafuu vipi?"

Mwalimu Anselmi naye alijitolea. Alikuwa kijana mwenye adabu na masikio mazuri. Alikaa na wimbo siku nzima, akaandika sauti ya pili mpya, akaifundisha. Ilikuwa nzuri. Ilikaa juu ya besi bila kugombana na mtu. Lakini ilivuta pumzi pale wote walipovuta pumzi, na wimbo ukakatika vilevile.

"Samahani, mzee," alisema Anselmi.

"Huna kosa. Umeijaza vizuri. Lakini wimbo umebaki na njaa."

Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Talib, mtoto wa Bi Kazija, alipita kibandani kumwambia kwamba baiskeli yake ya kubebea magunia imepinda gurudumu, na kwamba mama yake amesema fundi aje nyumbani, maana yeye Talib anawahi shamba. Nyumba ya Bi Kazija haikuwa mbali. Kleopa alichukua spana zake akaenda, kichwa kikiwa kwingine.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mzee Kleopa, karibu. Pita, mbwa hatuna."

"Habari za hapa?"

"Njema. Za siku nyingi? Loo, umekonda weye! Au siku hizi wala nyimbo?"

"Na nyimbo zenyewe hazijaiva, Bi Kazija."

"Basi utakufa. Baiskeli hiyo ukutani."

Uani palikuwa na majamvi yaliyotandikwa, na juu yake karafuu mbichi, lundo la kijani na wekundu kidogo, bado ziko kwenye vikonyo vyake. Harufu ilikuwa kali ya kutoa machozi. Bi Kazija alikaa chini amenyoosha miguu, kitukuu chake Asya kalala juu ya miguu hiyo, na mikono yake ikichambua: anashika kishada, anakizungusha kwenye kiganja, karafuu zinaanguka upande huu, vikonyo upande ule. Domitila alikaa hapohapo, msimu baada ya msimu, kwenye jamvi hilohilo. Walikuwa mashoga wa kweli. Siku ya maziko Bi Kazija alisimama nje ya uzio wa makaburi ya Wakristo mpaka mchanga wa mwisho.

Kleopa aliipindua baiskeli, akaweka kijiti kwenye spoku aone gurudumu limepinda wapi, akazungusha. Tik tik tik. Mtoto akalialia. Bi Kazija akaanza kuvuma, mdomo umefungwa, akitikisa miguu.

Ilianza na hatua tatu za kupanda, taratibu, kama mtu anayetangulia kufungua mlango. Ikasimama. Ikaenda pembeni, ikashuka kidogo, ikarudi. Kisha Bi Kazija akanyamaza. Mikono haikunyamaza, miguu haikunyamaza, yeye tu, na kimya chake kilikuwa na kipimo. Kisha akaingia tena.

Kleopa hakuwa akisikiliza. Alikuwa akitazama spoku. Lakini kichwa chake, kwa mazoea ya mtu aliyeishi na wimbo mmoja mwaka mzima, kilikuwa kimeshaanza kukimbiza sauti ya kwanza ndani kwa ndani pamoja na gurudumu. *Macho hayakukuona, pua imekujua*, na pale kichwani mwake wote wakavuta pumzi.

Uvumaji wa Bi Kazija haukuvuta pumzi. Ulibaki pale, nota moja ndefu iliyonyooka, ikavuka kimya chote upande hadi upande, na ilipofika ng'ambo ikainama kidogo kumpokea anayekuja.

Spana ilimtoka mkononi ikagonga sakafu. Asya akashtuka akalia.

"Wee! Wamtisha mtoto!"

"Bi Kazija." Sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni. "Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Wimbo gani?"

"Huo unaouvuma."

"Huno? Huno wa shoga yangu." Alimpigapiga mtoto mgongoni. "Jina lake silijui. Alikuwa akiuvuma hapa msimu ule wa mwisho, ukaniingia. Miye nalazia watoto. Huyu bila ya huno halali."

"Maneno yake?"

"Maneno hakunipa. Alinambia, 'Bi Kazija, maneno yake ya kanisani, sitii nyumbani mwako.' Nkamwambia tia, mwanangu, masikio yangu hayatavunjika. Hakutia. Akavuma tu. Adabu yake ilikuwa nyingi, Mungu amrehemu."

"Na hapo katikati? Mbona unanyamaza?"

"Hapo ndipo akinyamaza yeye. Hata miye nlimwuliza, mbona wakata wimbo? Akanambia, 'Hapo nasikiliza.' Nkadhani asikiliza mtoto." Bi Kazija alimtazama vizuri sasa. "Kuna nini? Umekuwa mweupe."

Kleopa alikaa kwenye ukingo wa baraza. Alimwambia Domitila ajaze, na kila siku aliamini kwamba amejaza. Kumbe hapakuwa na kujaza hata kidogo. Mkewe aliuchukua wimbo wake akauzunguka kwa nje. Aliuanza kabla yeye hajauanza. Pale wote walipoishiwa pumzi alibaki yeye peke yake akiushikilia usianguke, na hakuna mtu aliyemwona, hata yule aliyelala naye kitanda kimoja. Mwaka mzima Kleopa alimlilia mwanamke aliyempikia na kumfulia, na wala hakujua kwamba alikuwa na mtu wa namna hii ndani ya nyumba. Aliogopa, kama mtu anavyoogopa akijua kwamba chumba alichokuwa akipita bila kubisha hodi kilikuwa na mgeni mkubwa amekaa.

"Vuma tena," alisema. "Nakuomba."

"Weye leo una nini?"

"Vuma, Bi Kazija."

Akavuma. Kleopa hakufungua mdomo. Asingethubutu.

Ilipokwisha alimweleza yote: Askofu, Jumapili, wimbo unaokatika, Ponsiano na flashi yake. Bi Kazija alisikiliza huku anachambua.

"Kanisani sendi," alisema.

"Sikuiti kanisani."

"Watasema Bi Kazija kabatizwa uzeeni. Talib uso wake atauweka wapi?"

"Nimekwambia sikuiti."

"Basi wataka nini?"

"Sauti ni yake. Iko kwako tu, dunia nzima. Nitafutie njia."

Bi Kazija alitazama lundo lake la karafuu, akatazama na mbingu upande wa magharibi, ambako wingu lilikuwa linajikusanya. Karafuu mbichi haingoji. Ikilala na vikonyo vyake ikanyeshewa, imekwisha. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Walete kuno wanawake zako. Lakini waje na mikono. Hino yote yataka kuchambuliwa."

Jumamosi asubuhi Ponsiano alimkuta Kleopa anakusanya wanawake wa sauti ya pili mbele ya kanisa.

"Mazoezi ya kwaya uani kwa Bi Kazija? Nani kaidhinisha? Barua iko wapi?"

"Barua ya nini? Watu wanakwenda kuchambua karafuu. Siku hizi karafuu nayo ina barua?"

"Mzee, wewe unanitafutia matatizo na watu wa mtaa."

"Wewe una matatizo na makaratasi, Ponsiano. Watu wa mtaa wanatujua."

Walikuwa wanne: Koleta muuguzi, Jenerosa mke wa polisi, na walimu wawili, wote wanne wageni ambao hawakuwahi hata kumwona Domitila. Walikaa chini kwenye jamvi, wakafundishwa kwanza kuzungusha kishada kwenye kiganja, wakachekwa, wakapata. Mwalimu Anselmi alikaa barazani na kalamu yake. Kleopa alirudi kwenye baiskeli, akawapa mgongo, akazungusha gurudumu liwape mwendo.

Hakuna neno la kanisani lililotajwa. Domitila hakulitaja mle, nao hawakulitaja. Walivuma.

"Weye wa kipolisi, wakimbilia wapi? Hakuna mwizi hapa. Ngoja!"

"Nimengoja, Bi."

"Hujangoja. Na weye wa sindano, hapo panda kidogo. Ndo hapo. Haya, nyamazeni." Wakanyamaza. "Siyo hivyo! Mwanyamaza kama waliochoka. Shoga yangu akinyamaza kama ntu aliyetega sikio. Tegeni sikio."

"Tunamsikiliza nani sasa, Bi?" aliuliza Jenerosa.

"Nitajuaje miye? Tegeni tu."

Wakatega. Na Kleopa, mgongo kawapa, aliona kwamba kimya kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa na mtu ndani.

Anselmi aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akaja polepole mpaka kwenye baiskeli, akachuchumaa.

"Mzee, hii inaanza kabla ya sauti ya kwanza. Hatua tatu peke yake. Na pale kwenye pumzi haipumui. Mimi nisingethubutu. Alifundishwa na nani?"

"Hakuna."

Anselmi alilitazama karatasi lake, kisha akalikunja taratibu akaliweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Jumapili kanisa lilijaa. Askofu alikuwa mzee, meli ya kutoka Unguja ilikuwa imemsumbua, na wakati wa matangazo alifumba macho. Kinanda kilikuwa tayari, waya umechomekwa, na Ponsiano amesimama karibu nacho, kidole juu ya swichi. Kabla ya kutoa sadaka alisoma kwenye karatasi: "Kwaya itaimba wimbo uliotungwa na Mzee Kleopa Jaribu."

"Na Domitila!" alisema mtu kutoka benchi la besi.

Vichwa vikageuka. Alikuwa Kleopa mwenyewe, amesimama.

"Mzee, tuko mbele ya Askofu," alinong'ona Ponsiano. "Kaa chini."

"Nimekaa sana. Soma: na Domitila."

Askofu alikuwa amefumbua macho. Ponsiano alitazama karatasi kama kwamba jina lingeweza kujiandika lenyewe. "Na marehemu Domitila," alisema.

Anselmi akainua mkono, na wanawake wanne wakaanza peke yao. Hatua tatu. Watu wa mabenchi ya mbele walitazamana wakidhani wamekosea, wameingia mapema, na kidole cha Ponsiano kikagusa swichi. Kisha sauti ya kwanza ikaingia, *Umepita shambani mwetu*, ikaingia kama mtu anayekuta mlango u wazi na taa imeshawashwa, na kidole cha Ponsiano kikarudi mfukoni.

Kleopa aliijua zamu ya besi kama anavyoijua njia ya kwake. Ilikuja. Haikumkuta. Alisimama mdomo wazi, wenzake wakiburuta sakafu ya wimbo bila yeye, maana mahali pa pumzi palikuwa panakaribia na alitaka kupaona. *Macho hayakukuona, pua imekujua.* Wote wakanyamaza kuvuta pumzi. Na juu ya kanisa zima, juu ya paa alilolipanda mwenyewe, ikabaki nota moja, nyembamba, imenyooka, haitetemeki, ikiwashikilia watu wote wale waliokuwa hawana pumzi, mapolisi na walimu na Askofu na makarani, hata wakapata. Hakuna aliyekohoa. Mtoto mmoja nyuma alikuwa akilia, akaacha.

Beti zote Kleopa hakuimba neno. Hakulia pia. Alisimama amejishika ukingo wa benchi, kama mtu aliyefika mbele ya kitu kikubwa akaona kukaa si adabu na kukimbia si adabu.

Baada ya misa Ponsiano alimpita mlangoni, akapita, akarudi. "Haukukatika," alisema. Ndiyo yote aliyosema, na kwa Ponsiano yalikuwa mengi.

Jumatatu Kleopa alikwenda kumalizia gurudumu la Talib. Karafuu zilikuwa zimeanikwa, uwanja wote umekuwa mwekundu. Bi Kazija alikuwa na Asya miguuni.

"Mmekwendaje huko?"

"Haukukatika."

"Alhamdulillahi. Na Askofu?"

"Aliamka."

Bi Kazija alicheka mpaka mtoto akatikisika. Kleopa alisafisha mikono kwa tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bi Kazija, unipe ruhusa nivume na mimi. Bila maneno."

"Kwani koo langu? Vuma."

"Siwezi kuanza. Anza wewe, ndivyo wimbo ulivyo."

Akaanza, hatua tatu. Kleopa akaingia na sauti ya kwanza, chini kidogo, kwa sauti yake ya kizee iliyokwaruza. Mikono ya Bi Kazija iliacha kumpigapiga mtoto. Walikwenda pamoja mpaka Bi Kazija alipofika mahali pake pa kunyamaza, akanyamaza, na kwa mara ya kwanza akasikia kilichokuwamo mle ndani ya kimya alichokitunza mwaka mzima bila kujua ni cha nini. Hakuingia tena. Alisahau.

"Kumbe alikuwa akimsikiliza ntu," alisema.

"Alikuwa akinisikiliza mimi."

"Kumbe ni weye!" Alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anampima upya. "Msimu mzima yuko hapa kwangu, anakusikiliza weye uko kule kwenye baiskeli zako! Na weye? Weye ulikuwa ukimsikiliza yeye lini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Kleopa aliigeukia baiskeli. Alizungusha gurudumu. Lilikuwa limenyooka sasa, likaenda tik tik tik bila kuyumba.

"Anza tena," alisema.

Bi Kazija akaanza. Hatua tatu, akasimama, akamngoja. Zamu ya Kleopa ilifika na Kleopa hakuingia. Alikuwa ametega sikio.